Daftari la pili

Ukitoka Mlowo kwenda Kamsamba, barabara inakutelemsha kutoka nyanda za kahawa na mahindi za Mbozi hadi kwenye joto la Bonde la Ziwa Rukwa. Sweta uliloanza nalo safari utalivua njiani. Huko chini Mto Momba unatafuta ziwa. Ng'ambo yake ni Kilyamatundu, mkoa mwingine, na daraja linaloziunganisha kingo hizo mbili bado ni jipya kiasi kwamba wakazi wanakumbuka vizuri masika ambayo mto ndio uliokuwa ukiamua nani avuke na nani alale.

Mpunga upo, ng'ombe wapo, samaki wa Rukwa wapo. Lakini zao linalomwezesha mtu wa Kamsamba kulipa ada ya shule kwa mkupuo mmoja ni ufuta. Na ufuta, siku hizi, ni karatasi kabla ya kuwa fedha.

Tumchukue mama mmoja mkulima. Ni mfano tu, ila yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, atamtambua. Ameleta magunia yake. Karani anapandisha gunia juu ya mizani, anasoma, anaandika, anampa stakabadhi. Kuanzia hapo ufuta unaendelea na safari bila mwenyewe: unakwenda ghala kuu, unachanganyika na wa wenzake, unapigwa mnada kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, na fedha zinarudi kwa njia ya benki zikiwa zimeshapunguzwa ushuru wa halmashauri wa asilimia 3, ada ya chama, ada ya ghala na makato mengine ambayo yeye huyaona yakiwa yameshakatwa. Katika siku zote hizo za kusubiri, kitu pekee kinachosema kwamba mama huyu ana mali ni mwandiko wa karani.

Sasa tuseme mizani imesoma kilo 312 na daftari limeandika 304. Akiuliza, ataambiwa ni unyaufu. Kilo 8 hazimfilisi mtu. Lakini chama kina wanachama 400, na kila mmoja akinyaukiwa kilo 8, hizo ni kilo 3,200. Bei ya mnada ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo, unyaufu umezaa shilingi milioni 9.6.

Kuna jambo hapa ambalo watu wengi hawalifikirii, na mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Ufuta ule haujanyauka. Upo ndani ya gunia, ghala kuu litaupima, mnunuzi ataulipa. Kilo zilizotoka kwenye jina la mama haziwezi kubaki bila mwenyewe, kwa sababu malipo lazima yaende kwa jina fulani. Basi anazaliwa mkulima. Anapewa jina, namba ya uanachama na akaunti. Kitu pekee anachokosa ni shamba. Magazeti humwita mkulima hewa, na tunamcheka kana kwamba ni kituko. Ukweli ni kwamba amezaliwa kwa kanuni kongwe kabisa ya uhasibu, ile iliyochapishwa Venice mwaka 1494 katika kitabu cha mtawa Luca Pacioli: kila kinachoandikwa upande mmoja kiwe na mwenzake upande wa pili. Wizi wa shambani unahitaji giza. Wizi wa vitabuni unahitaji ingizo la pili.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ninaipenda methali hiyo, na nimeisikia ikisomwa kwa sauti kubwa katika mikutano ya ushirika na wale wale walioshika daftari. Wahenga hawakusema daftari ni la nani. Wala hawakuwahi kukutana na mtu mwenye madaftari mawili.

Nimeanzia Kamsamba kwa sababu huku kila hatua inaonekana kwa macho: gunia, mizani, karani, kalamu. Ukipanda ngazi hadi ghorofa ya kumi ya jengo la vioo, hatua ni hizo hizo, ila zimevaa suti. Tuvuke mpaka twende magharibi mwa Kenya, kwa wakulima wa miwa wa Mumias, ndugu kabisa wa mkulima wetu wa ufuta.

Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianzishwa mwaka 1971, ikaingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote wa sukari nchini humo. Mji mzima ulijengwa kwa jasho la miwa. Kisha hesabu zikaanza kuonyesha hasara: shilingi bilioni 1.6 za Kenya mwaka wa fedha ulioishia Juni 2013, zaidi ya bilioni 2 mwaka uliofuata, na kuendelea. Ukaguzi wa kiuchunguzi uliofanywa na KPMG ulikuta mauzo yenye utata, ikiwamo sukari ambayo kwenye makaratasi ilikuwa imeuzwa nje ya nchi, huku magunia yenyewe yakiuzwa humo humo Kenya. Sukari inayouzwa nje haitozwi kodi kama inayouzwa ndani, kwa hiyo safari ile ya karatasini ilikuwa na faida yake. Mkulima hewa wa Kamsamba alikuwa na binamu yake: lori hewa la sukari.

Mwaka 2014 uongozi wa juu ukaondolewa. Serikali ikamimina fedha za kuinusuru, mara ya kwanza, mara ya pili. Septemba 2019 benki ya KCB, iliyokuwa ikiidai kampuni, ikaweka meneja mfilisi. Mitambo ilikuwa imeshanyamaza. Wakulima waliokuwa wanadai malipo ya miwa waliyokwisha kupeleka waliendelea kudai, na wengine wakang'oa miwa wakapanda mahindi.

Hapo kwenye neno "wanadai" ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo lilipo jambo lenyewe.

Kampuni inapoanguka, wanaoidai hawasimami mstari mmoja. Kuna utaratibu wa sheria, na unafanana nchi nyingi. Benki iliyoshika hati za kiwanda na mitambo kama dhamana inachukua kwanza kile ilichokishika. Gharama za mfilisi zina nafasi yake, mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango fulani na kodi ya serikali pia. Aliyekopesha bila dhamana anakuja nyuma. Na mkulima aliyepeleka miwa akaambiwa asubiri wiki tatu, au aliyepeleka nyanya dukani akaambiwa alete ankara mwisho wa mwezi, huyo ni mkopeshaji bila dhamana, japo mwenyewe hajui kwamba alikopesha. Alidhani ameuza. Daftari la kampuni likidanganya, ndiye anayedanganywa zaidi, kwa sababu benki ina watu wake wa kusoma hesabu, na yeye ana imani na jina lililoandikwa ukutani.

Wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Moshi na Arusha walijifunza somo hili kupitia Uchumi. Supamaketi hiyo ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilikuwa imeshafunga milango mara moja, Juni 2006, ikafufuliwa, ikarudi soko la hisa mwaka 2011 na kuongeza matawi Tanzania na Uganda. Mwishoni mwa 2014 ikawaomba wanahisa wake mtaji mpya wakaipa shilingi milioni 895 za Kenya. Miezi michache baadaye, Juni 2015, bodi ikamfukuza mtendaji mkuu pamoja na mkuu wa fedha, na ukaguzi wa kiuchunguzi ukaonyesha kwamba hali halisi ya kampuni haikuwa ile iliyoandikwa. Oktoba mwaka huo huo Uchumi ikatangaza kuondoka Tanzania na Uganda. Rafu zilizokuwa na sabuni na unga zikabaki tupu, na mlangoni wakabaki watu wenye ankara mkononi. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya iliwachukulia hatua waliokuwa viongozi na washauri wa zoezi lile la kukusanya mtaji. Faini zilitajwa. Lakini faini huenda kwa mamlaka. Haiendi kwa aliyeleta maziwa.

Mtu anaweza kuuliza, kwani wakaguzi walikuwa wapi? Ni swali la haki. Hati ya mkaguzi tunaielewa vibaya, na wakaguzi hawana haraka ya kutusahihisha. Hati safi, au inayoridhisha kama wanavyoiita rasmi, inasema kwamba hesabu zilizoletwa mezani zimeandaliwa ipasavyo na zinaonyesha sura ya kweli kwa kiwango cha kuridhisha. Mkaguzi anaonja mchuzi kwa kijiko, hanywi sufuria nzima. Kama jiko la pili liko nyuma ya nyumba, na hakuna aliyemwonyesha, kijiko chake hakifiki.

Imperial Bank ya Nairobi ilikuwa na jiko la pili. Mkurugenzi mkuu wake alifariki Septemba 2015. Kabla mwezi mmoja haujapita, waliobaki walikuwa wamekuta mambo yaliyoifanya bodi yenyewe iende kuripoti Benki Kuu ya Kenya: kwa mujibu wa madai yaliyofikishwa mahakamani, kwa zaidi ya muongo mmoja mikopo ilikuwa ikitolewa nje ya vitabu rasmi, na jumla yake ilitajwa kufikia shilingi bilioni 34 za Kenya. Tarehe 13 Oktoba benki ikawekwa chini ya usimamizi. Muda mfupi tu kabla ya hapo ilikuwa imewauzia wawekezaji hati fungani za shilingi bilioni 2. Walionunua walikuwa wamesoma vitabu vilivyokaguliwa, vikapendeza.

Chase Bank, miezi sita baadaye, haikuhitaji hata jiko la pili. Ilibadilisha majina tu. Kulikuwa na kiasi kinachokaribia shilingi bilioni 8 za Kenya kilichoandikwa kwenye hesabu za 2015 kama mali za musharaka, yaani mali ambazo benki imeshirikiana na mteja kwa taratibu za kibenki za Kiislamu. Neno zuri, lenye heshima yake, ambalo mtu wa pwani halihitaji kufasiriwa. Wakaguzi walikataa. Walisema ile ni mikopo ya wakurugenzi. Ikabidi benki itoe hesabu upya ndani ya siku chache, safari hii mikopo kwa wakurugenzi na wafanyakazi ikizidi bilioni 13, na faida ikawa hasara. Wananchi waliona taarifa mbili za benki moja kwa mwaka mmoja, wakafanya ambalo ungefanya wewe: walikwenda kutoa fedha. Tarehe 7 Aprili 2016 milango ikafungwa.

Kubadili jina la kitu ni mbinu isiyozeeka. Mwaka 2002 nchini Marekani, mkaguzi wa ndani wa kampuni ya simu ya WorldCom, Cynthia Cooper, na wenzake wachache walifanya kazi usiku ili wakubwa wasijue wanachokitafuta. Walichokuta kilikuwa rahisi hadi kuchekesha. Gharama za kawaida za kila mwezi, za kukodi njia za mawasiliano, zilikuwa zimeandikwa kama mali ya kudumu. Ni sawa na mtu aliyelipa kodi ya nyumba mwaka mzima akajiandikia kwamba sasa ana nyumba. Kiasi cha kwanza walichobaini kilikuwa dola bilioni 3.8.

Nisiwe mnafiki. Ujanani niliwahi kufanya kibarua cha miezi michache katika ofisi moja, kazi yangu ikiwa kubandika risiti kwenye vocha za fedha ndogo. Siku ya pili nilipewa kitabu kizima cha risiti za kituo cha mafuta, kitupu, nikaambiwa nijaze mwenyewe, "ila badilishabadilisha kalamu, mdogo wangu." Nikabadilishabadilisha. Bluu, nyeusi, bluu. Sikuona kama ninaiba, kwa sababu sikuchukua hata shilingi. Niliona ninafanya kazi ya mwandiko. Nadhani wengi walioandika yale ya mabilioni walianza hivyo hivyo, kama mafundi wa mwandiko.

Na sisi Watanzania tusikae pembeni tukiwatazama Wakenya. Hesabu yetu ya kukumbukwa kuliko zote ilikuwa ndani ya Benki Kuu. Akaunti ya Madeni ya Nje, EPA, ilitokana na miaka ya uhaba wa fedha za kigeni: mfanyabiashara alilipa shilingi hapa nyumbani, muuzaji wa nje akasubiri nchi ipate dola. Wengine walisubiri hadi wakasahau, au makampuni yao yakafa. Akaunti ikalala. Na akaunti iliyolala ni kama shamba la marehemu asiye na watoto, kila mwenye karatasi anaweza kuwa mrithi. Katika mwaka wa fedha 2005/06 makampuni 22 yalilipwa zaidi ya shilingi bilioni 133 kutoka humo, mengi yao kwa hati za kuhamishiwa deni. Kampuni ya ukaguzi Deloitte & Touche ilipoanza kuuliza maswali, mkataba wake ulisitishwa. Wakaletwa Ernst & Young chini ya usimamizi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, nao wakakuta kwamba makampuni 13 kati ya hayo yalilipwa takriban shilingi bilioni 90 kwa nyaraka za kughushi na zisizo halali, na mengine 9 kumbukumbu zake hazikutosha kuthibitisha kitu. Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali. Mei mwaka huo Ballali alifariki Marekani. Kesi zilianza Novemba.

Katika sakata lile deni halikuwa la kubuni. Wapo wauzaji wa kweli, wa miaka ya sabini na themanini, walioleta bidhaa za kweli. Wao ndio kilo 8 za mama wa ufuta. Jina lao liliondolewa kwenye mstari, likaandikwa la mwingine.

Turudi bondeni. Nani anakagua daftari la AMCOS? Sheria inasema chama kina bodi yake, kina mkutano mkuu, kina Tume ya Maendeleo ya Ushirika juu yake kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na kinakaguliwa na COASCO, shirika lililoundwa mwaka 1982, mwaka ambao serikali iliamua kuvirudisha vyama ilivyokuwa imevifuta mwaka 1976. Kwenye karatasi mkulima wa Kamsamba amezungukwa na ulinzi kuliko mwenye hisa wa Nairobi. Kwenye ghala, hata hivyo, anayepima mara nyingi ndiye anayeandika, na anayeandika ndiye mwenye ufunguo. Mhasibu yeyote atakwambia kwamba kuunganisha kazi hizo tatu kwa mtu mmoja ni kumjaribu hata mcha Mungu. Mizani ya kidijitali imeanza kuingia, na mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama, MUVU, unasogeza taarifa mbali na mkono wa karani. Ni hatua njema. Ila mizani ya kidijitali nayo inasoma kile kilichowekwa juu yake, na mfumo unaamini namba iliyoingizwa.

Jambo jingine. Mwenye akiba benki ana Bodi ya Bima ya Amana. Benki ikifa leo, anaweza kulipwa hadi shilingi milioni 7.5. Zilipofungwa benki tano kwa siku moja Januari 2018, ikiwamo Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, angalau kulikuwa na pa kwenda kupanga foleni. Mama wa kilo 304 hana bima ya namna hiyo. Stakabadhi yake ikiandikwa vibaya, foleni anayopanga ni ya ofisi ya chama, kisha ya ofisa ushirika wilayani Chitete, kisha labda ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Na nauli ya kila foleni anatoa mwenyewe.

Silaha aliyonayo ni mkutano mkuu, na kila aliyehudhuria anajua mkutano huo unavyokuwa. Ajenda ya taarifa ya mapato na matumizi huwekwa mwishoni, jua likiwa la saa nane. Katibu anasoma haraka, kama anayesoma majina ya wagonjwa. Harufu ya pilau inatoka nyuma ya ghala. Mtu fulani, na mara zote ni mtu wa karibu na meza kuu, anasimama kusema wajumbe wamechoka, taarifa ipitishwe kama ilivyo. Mikono inanyooka.

Mama yetu tumuweke kwenye mkutano huo, mstari wa nyuma, stakabadhi imefungwa kwenye pindo la khanga. Amekuja na mtoto wake wa darasa la sita, ambaye usiku wa jana alimsomea tena zile tarakimu kwa mwanga wa simu, wakazijumlisha na za majirani wawili. Mikono ikiwa juu, wake uko juu pia, ila yeye hapitishi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, samahani. Kabla hatujala. Ule unyaufu wetu wote wa mwaka huu umeandikwa ukurasa wa ngapi?"

Katibu anafunua kurasa. Anarudi nyuma, anakwenda mbele, anarudi nyuma tena.